Kulala Nje si Kosa: Jawabu kwa Aliyetaka Mji Usafishwe

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kumjibu ndugu mwanachama aliyeandika katika toleo lililopita juu ya hali ya usiku katika mji wetu wa Morogoro. Sikusudii kumvunjia heshima, maana namfahamu kuwa ni mtumishi wa siku nyingi na mwenye nia njema. Lakini shauri alilolitoa ni baya, na ubaya wake umezidi kwa sababu limeandikwa vizuri. Shauri likiandikwa vibaya husomwa likatupwa; likiandikwa vizuri hubandikwa ukutani ofisini, na siku moja huwa amri.

Alisema ya kwamba kutoka stendi ya Msamvu mpaka sokoni, usiku kumejaa watu walalao barazani mwa maduka juu ya maboksi na magunia. Kwamba wengine wao ni watoto. Kwamba simu hunyakuliwa na mikoba hukatwa. Na kwamba mke wa mtumishi hawezi kushuka katika basi la usiku pasipo hofu. Akamaliza kwa kuomba polisi na mgambo wawakusanye wote hao kwa usiku mmoja, wapelekwe mbele ya hakimu kwa kosa la uzururaji, kisha warudishwe makwao. Akauita mpango huo kusafisha mji.

Habari ya hofu naikubali yote. Mimi mwenyewe nilinyang'anywa simu jioni moja nilipokuwa nikivuka barabara, na sikuona haya kupiga kelele kama mtoto. Ila yule aliyeninyang'anya alikuwa na viatu vizuri kuliko vyangu, na mwenzake alikuwa akimngoja juu ya pikipiki iliyowashwa. Mtu mwenye pikipiki ya kukimbilia hana haja ya kulala juu ya boksi. Usiku ule wale walalao barazani ndio walionipa maji, na mmoja wao akanionyesha njia aliyoishika yule mwizi. Kama wangekuwa wamekusanywa, ningebaki na giza peke yake kuwa shahidi wangu.

Basi hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Ndugu yetu amechanganya watu wawili katika sentensi moja, yaani mwizi na mtu asiye na pa kulala, kisha akaomba adhabu moja kwa wote. Sitamlaumu sana, kwa kuwa si yeye aliyeanza kuchanganya. Sheria yenyewe imechanganya kwa muda wa miaka mia mbili. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Uzururaji, katika zama ambazo barabara za nchi ile zilijaa maskini, na miongoni mwao askari na mabaharia walioachishwa kazi baada ya vita vya Napoleon. Watu waliokwisha kuipigania nchi wakaonekana kuwa uchafu wa barabara zake. Maneno ya sheria ile yakapanda meli, yakashuka katika makoloni mengi, na kwetu Tanganyika yakaingia katika Kanuni ya Adhabu, ambayo ile ya mwaka 1945 ndiyo tuliyoirithi tulipopata Uhuru. Humo, kwa miaka mingi katika kifungu cha 176 na cha 177, akaandikwa mtu aombaye sadaka njiani, na mtu ashukiwaye ambaye hana njia ya kuonekana ya kupata riziki wala hawezi kujieleza vema. Angalia, msomaji: haikuandikwa ameiba nini, wala amempiga nani. Imeandikwa jinsi alivyo.

Tena mwaka 1944, vita vikiendelea, ikatoka sheria nyingine ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Neno lililotumika ni hilo, wasiotakiwa. Wala haikuulizwa sana ni nani asiyewataka. Mji ulihitaji wapagazi, wachukuzi na waosha vyombo, ukawataka mchana, ukawachukia jua likichwa. Baba zetu makarani, wale walioanzisha chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922 pamoja na Martin Kayamba, walikuwa watu wa mishahara na kola nyeupe, lakini walijua kwamba machoni mwa mtawala tofauti ya karani na mhuni ilikuwa ni karatasi tu mfukoni. Sisi tumeisahau karatasi hiyo kwa sababu siku hizi inakaa mfukoni bila kuulizwa.

Atasema mtu, hayo ni mambo ya wakoloni. Laiti ingekuwa hivyo! Mwaka 1983, miaka zaidi ya ishirini baada ya Uhuru, Bunge letu wenyewe lilitunga Sheria ya Nguvu Kazi, na kwa sheria hiyo likaongeza katika vifungu vile vya Mwingereza mtu mwenye afya asiyefanya kazi ya kuzalisha mali. Waziri Mkuu wakati ule alikuwa marehemu Edward Sokoine, ambaye aliaga dunia kwa ajali ya gari Dakawa, katika mkoa wetu huu, tarehe 12 Aprili 1984. Nchi nzima ilimlia, nami simtaji kwa ubaya. Alikuwa mtu asiyejilimbikizia, na njaa ya miaka ile ilikuwa njaa ya kweli. Lakini kazi ile ilikwendaje? Watu walikamatwa Dar es Salaam, wakapakiwa katika magari wakapelekwa vijijini na katika mashamba ya mkonge, na baada ya muda si mrefu wengi walikuwa wamekwisha rudi mjini. Gari la Serikali lilikwenda limejaa, basi la abiria likarudi limejaa. Na mwaka 2016 ombaomba wa Dar es Salaam waliamriwa tena kuondoka mjini. Anayetaka kujua kama waliondoka, ashuke pale akatazame.

Sasa nataka niseme habari ya hayo makwao, maana hapa ndipo shauri la ndugu yetu linapovunjika kabisa. Warudishwe makwao wapi? Yeye ni mgeni katika mkoa huu, hana kosa kutojua. Katika milima ya Uluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto ambaye baba yake ni Mluguru na mama yake ni mtu wa mbali, akifiwa na baba hapa mjini, hawezi kupanda Matombo au Kinole akasema nipeni shamba la baba. Shamba lile lina wajomba na wapwa wake. Na hata huyo mwenye ukoo kamili atakuta nini? Miteremko imekwisha gawanywa ikagawanywa tena, na juu yake kuna msitu wa hifadhi ambao hauguswi, kwa kuwa ndiko yatokako maji yetu na ya Dar es Salaam. Ufinyu wa ardhi ile si habari ya jana. Mwaka 1955 Waluguru walikataa kulazimishwa kuchimba matuta, ghasia zikatokea Matombo, na mtu akapoteza maisha yake kwa risasi. Watu hawafikii hapo kwa ajili ya kitu wanachokiona kingi.

Wengine miongoni mwa walalao hawana mlima wala bonde. Mji huu ulizungukwa na mashamba ya mkonge, na manamba waliletwa humo kutoka mbali kwa mikataba. Bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960, walioletwa hawakurudishwa wote. Wakazaa hapa, na watoto wao wakazaa hapa. Baadaye tukaambiwa Morogoro ni mji wa viwanda. Tulikuwa na kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kiuze viatu Ulaya. Hakikupata kufanya kazi ila kwa sehemu ndogo mno ya nguvu yake, kikafungwa. Vingine vikafuata njia hiyo, au vikauzwa na kupunguza watu. Vijana walioitwa waje mjini wakaja, na mashine zikanyamaza. Sasa tena, tangu mwaka 2024, reli mpya ya umeme inateremsha watu Kihonda kila siku, kama reli ya Mjerumani ilivyoanza kuwateremsha mwaka 1907. Mji wa njia panda, wenye barabara ya Dodoma, ya Iringa na ya Dar es Salaam, hauwezi kushangaa kwamba usiku una wasafiri waliokwama. Huo ndio umbo lake.

Niruhusu, Bwana Mtengenezaji, nieleze jambo lililonipata mimi mwenyewe, bila kuitaja ofisi, maana waliokuwamo wengine bado ni hai na wana watoto. Nilipokuwa karani kijana niliwekwa mezani asubuhi moja kuandika majina ya watu waliokamatwa usiku. Walikuwa ishirini na tatu. Aliyenipa kazi aliniambia nisipoteze wakati; niandike maelezo ya mmoja, kisha yale ya wengine yawe hayo hayo. Nikaandika: hana kazi maalum, hana makazi maalum, ameshindwa kujieleza. Nikayaandika mara ishirini na tatu kwa mwandiko mzuri, kwa kuwa nilisifiwa mwandiko. Mtu wa kumi na saba alikuwa mama wa makamo kutoka Mgeta. Alikuwa ameshuka na magunia ya kabichi, gari likachelewa, akalala juu ya magunia yake kungoja soko lifunguliwe. Nilimwuliza jina, akanipa, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mwanangu, kabichi zangu nani anazilinda?" Sikumjibu. Niliandika ameshindwa kujieleza.

Kabichi zilipotelea huko. Sikusikia mtu yeyote akishtakiwa kwa wizi wa kabichi zile.

Nimeyaeleza haya si kwa kutaka sifa ya kutubu, bali kwa sababu gazeti hili husomwa na makarani. Polisi hukamata kwa mkono, lakini mkono huachia. Kinachomshika mtu akakaa ni karatasi, na karatasi huandikwa na sisi. Mtu asiye na nyumba akifikishwa kituoni, sheria ya mwenendo wa mashauri inataka afikishwe mahakamani upesi, kwa kawaida katika muda wa saa 24, na dhamana yake iko wazi kwa makosa madogo kama hayo. Lakini dhamana hutaka mdhamini, na mdhamini hutakiwa alete barua ya serikali ya mtaa wake na kitambulisho. Nani atamwandikia barua mtu ambaye kosa lake lenyewe ni kutokuwa na mtaa? Basi hukaa rumande kwa kosa ambalo faini yake mwanachama mwenzetu angeilipa kwa chenji ya nauli. Akitoka, amepoteza kibarua alichokuwa nacho, na sasa kweli hana kazi maalum. Tumemfanya awe yale tuliyoandika.

Wako watakaosema kwamba nasema kwa huruma na si kwa sheria. Basi na tuseme kwa sheria. Malawi, nchi iliyorithi maneno hayo hayo ya Mwingereza, mchuuzi mmoja wa mifuko ya plastiki alikamatwa mwaka 2015 alfajiri akienda Limbe kuuza vitu vyake. Kesi yake ilipanda mpaka Mahakama Kuu, na mwezi Januari 2017 kifungu kile cha uzururaji kikabatilishwa kwa kupingana na Katiba. Mtu wa plastiki ya Limbe na mama wa kabichi ya Mgeta wametofautiana nini? Kisha tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni yake, kwa kuombwa na chama cha mawakili wa Afrika, kwamba sheria za namna hii, zimwadhibuzo mtu kwa hali yake na si kwa tendo lake, hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Mahakama hiyo haiko Ulaya, iko Arusha, hapa hapa kwetu. Ni kweli kuwa maoni ya namna hiyo si hukumu ya kumfunga mtu kamba. Lakini mtumishi wa Serikali anayeyajua, akaandika tena "hana makazi maalum" kama kosa, hawezi kusema hakuambiwa.

Najua pia kwamba mpinzani wangu ni msomaji, naye atanitajia Marekani, ambako mwezi Juni 2024 Mahakama ya juu kabisa iliamua katika shauri la mji wa Grants Pass kwamba mji unaweza kuwatoza faini na kuwaadhibu walalao nje. Ni kweli. Namwomba tu atazame kama nchi ile, pamoja na utajiri wake na askari wake, imekwisha kuwa haina watu walalao nje. Tuige kwao mambo yaliyofanikiwa.

Juu ya polisi sitaki nieleweke vibaya. Kazi yao ni ngumu, nyumba wanazokaa wengi wao sote tunazijua, na tangu mpango wa polisi jamii ulipoanza mwaka 2006 wako wakaguzi walioingia mitaani wakakaa na watu mkekani. Mgambo nao ni watoto wetu, na wengi wao wako hatua moja tu kutoka barazani. Ninachosema ni kwamba usiku una saa chache, na askari ni wachache. Saa tatu za kuwazoa waliolala ni saa tatu ambazo mwenye pikipiki hakutafutwa. Usalama wa watu si kuona baraza tupu. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, hapo hapo Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu mia wakafa, wengine wakiwa na dumu mkononi. Wangapi kati yao walikuwa wezi? Walikuwa watu ambao lita tano za petroli zilitosha kuwafanya wasahau roho zao. Siku ile tuliona waziwazi kuwa umaskini wa mtu mmoja ni hatari ya mji mzima, na wala hakuna shtaka la uzururaji ambalo lingeuzuia moto ule.

Juu ya watoto nitasema machache tu, kwa kuwa jambo lenyewe halina pande mbili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka halmashauri ilinde na kutunza mtoto aliye katika eneo lake. Mtoto wa miaka kumi aliyelala juu ya boksi ni mtu anayeidai halmashauri, hadaiwi yeye. Kumfikisha mahabusu pamoja na watu wazima ni kumdhulumu mara ya pili, na karani anayemwandikia umri wa miaka kumi na minane ili mambo yaende haraka anajua anachokifanya.

Basi tufanye nini? Ndugu yetu alikuwa na haki ya kuuliza, nami nisipojibu nitakuwa mpiga domo. Mama wa Mgeta hakuhitaji hisani. Alihitaji banda lenye taa, choo, bomba la maji na mlinzi mmoja, karibu na soko, mahali pa kungojea alfajiri kwa ada ndogo. Halmashauri inayotoza ushuru wa gunia la kabichi inaweza kulinda gunia hilo kwa saa sita za usiku. Stendi vivyo hivyo. Taa zilizokufa katika njia ya kutokea Msamvu ziwashwe kabla ya kumshika mtu yeyote kwa kuwa gizani. Na afisa ustawi wa jamii atangulie, mgambo afuate akiitwa. Leo mambo yamegeuzwa, huyo wa ustawi hupata habari mtu akiwa amekwisha ingia rumande, au hapati kabisa.

Kwa upande wetu sisi wa kalamu ninaleta mambo mawili, nayo nitayasimamia katika mkutano mkuu wa wanachama. La kwanza ni kwamba mwanachama yeyote anayeandika hati ya shtaka, orodha ya waliokamatwa au barua ya mtaa, asikubali kunakili maelezo ya mtu mmoja kwa watu wengi. Kila mtu aulizwe, na jibu lake liandikwe kama alivyolisema, hata likiwa refu, hata likihusu kabichi. Hakuna mkubwa awezaye kumwadhibu karani kwa kuandika kweli. Akijaribu, chama kipo kwa ajili gani? La pili ni kwamba tutoe kila mwezi shilingi elfu moja kila mmoja katika mfuko wa kulipia faini na kuwatafutia wadhamini watu wa mashtaka haya, mpaka mashtaka yenyewe yatakapokoma. Tukiwa wanachama mia tu, fedha hiyo si ndogo. Nimekwisha mpa mtunza hazina elfu kumi na mbili, ya mwaka mzima, na risiti ninayo.

Namwalika ndugu yetu niliyemjibu tukutane Jumamosi yoyote saa tano za usiku mbele ya stendi, tutembee pamoja mpaka sokoni kwa miguu. Tuulize majina na tunakotoka watu, tuandike yeye kwa kalamu yake na mimi kwa yangu, kisha tuyachape yote mawili katika toleo lijalo bila kubadili neno. Nitakuja na tochi, na simu nitaiacha nyumbani.

Mimi wenu,
Karani wa Zamani,
Morogoro.